Shukrani kwa aliyetusaidia na tangi lililojaa samaki

Ndugu yetu usiyependa kutajwa, ahsante sana. Ushauri wako kuhusu tangi la lita 60 lenye gapi (samaki wadogo wa mapambo) kupita kiasi umetufaa, nasi tunauweka hapa wengine wafaidike.

Kwanza ulikataza kubadilisha maji yote kwa mpigo. Hapo ndipo wengi huua samaki wakidhani wanawaokoa. Maji ya tangi lililojaa huzidi kuwa na asidi taratibu, na pH (kipimo cha asidi) ikishuka chini ya 7, karibu amonia yote, yaani taka itokayo kwa samaki, hukaa katika umbo lisilo kali. Mimina ghafla maji mengi yenye pH ya 8, sehemu ya amonia ileile inageuka sumu na kuunguza matamvua. Basi badilisha asilimia 15 tu kila siku, kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto lilelile, ukipima amonia na nitriti (sumu nyingine itokanayo na amonia) mpaka zote zisome 0. Chakula kipunguzwe. Sifongo la chujio likamuliwe ndani ya ndoo ya maji ya tangi, kamwe si chini ya bomba, maana klorini huua bakteria wanaokula amonia.

Halafu majike na madume watenganishwe. Jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa, kwa hiyo ataendelea kuzaa hata akiwa peke yake, msishangae. Wa ziada wapewe mwenye tangi kubwa, wasimwagwe mtoni.

Ile pampu ya hewa uliyotuazima iko tayari kuchukuliwa. Jiwe lake la kutoa mapovu tumelibadilisha.