Barua ya wazi: Mheshimiwa, tupe mtu mmoja ufukweni Kunduchi

Mheshimiwa,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu umri wako unaistahili, na mama yangu hakunilea nimfokee mtu mzima kabla sijamwamkia. Yatakayofuata uniwie radhi.

Mimi ni mwanamke wa Kunduchi. Nakodisha miwani ya kuzamia, mirija ya kupumulia na mapezi ya mpira kwa watu wanaovuka kwenda kisiwa cha Mbudya kutazama samaki na matumbawe. Huu ni mwaka wa kumi na mbili. Tuliwahi kuonana mwaka juzi, ulipokuja na wenzako mkaketi chini ya mivinje, tukaleta madafu, tukawaeleza shida ya kupanda na kushuka boti. Mimi ndiye niliyesimama nikauliza: je, tusubiri hadi lini? Ukajibu mbele ya watu wote kwamba kabla upepo wa kusi haujaanza kuvuma tutaona mabadiliko. Kusi ilivuma, ikaisha, na sasa inavuma tena.

Jumapili iliyopita mtoto wa mdogo wangu, binti wa miaka tisa, alikatwa paja na propela ya injini ya boti, hatua chache kutoka mchanga mkavu.

Naomba nikueleze ilivyokuwa, maana najua taarifa ikifika mezani kwako inakuwa mstari mmoja tu. Siku ile ilikuwa bamvua, maji makubwa ya mwezi. Kwetu hapa bamvua ina kawaida yake: asubuhi kwenye saa nne maji yamekupwa hadi mbali kabisa, na jioni kwenye saa kumi yamejaa pomoni. Kwa hiyo wakati wa kwenda, boti haiwezi kusogea ufukweni. Inatia nanga huko nje, abiria wanatembea juu ya majani ya bahari na mawe, mizigo kichwani, watoto mabegani, na kila wiki kuna anayekanyaga wale wadudu wa miiba mirefu myeusi. Hilo tumelizoea, ingawa hatukupaswa kulizoea. Shida kubwa iko kwenye kurudi. Saa kumi pwani yote imefunikwa, maana ufukwe wetu umeliwa na bahari miaka nenda rudi na maji yakijaa mchanga unabaki kidogo. Kusi inasukuma, mawimbi yanavunjikia pale pale mtu anapotakiwa kutia mguu.

Boti ilifika ikageuka ubavu. Nahodha hakuzima injini, alikuwa anajaribu kuishikilia isipinduke. Watu wakaambiwa shukeni upesi. Mbele walijazana watu wazima na maboksi yao ya barafu, mtoto akaona nafasi nyuma, akashukia nyuma. Wimbi likainua boti.

Mimi nilikuwa nchi kavu na beseni langu, nasubiri kuhesabu miwani. Nilimfunga kwa khanga yangu. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji, mama yake amempakata, mimi nimekandamiza jeraha kwa viganja vyote viwili tangu ufukweni hadi mlangoni. Nyuzi kumi na moja. Daktari alinionyesha kwa vidole viwili umbali uliobaki kufika kwenye mshipa mkubwa.

Mimi ndiye niliyemwambia mdogo wangu, mlete mtoto aione bahari ya kwao, nitamvalisha miwani mwenyewe. Tangu Jumapili sijafungua kibanda. Mdogo wangu hajanilaumu hata kwa neno moja, na ukimya huo siwezi kuubeba.

Kwenye boti ile walikuwa watu ishirini na mmoja. Jaketi okozi zilikuwa nane, nimezihesabu kwa mkono wangu baadaye, na moja kati yake kamba imekatika. Zote za saizi ya mtu mzima. Umewahi kuona jaketi la mtu mzima kwa mtoto akiingia majini? Linapanda juu, linamziba uso, yeye anateleza chini.

Wapo wanaotaka nahodha akamatwe yaishie hapo. Mimi sikubali. Yule kijana namjua. Analipwa kwa safari, boti si yake. Usiku ule alikuja kwetu akalia, akasema mchana aliuona upepo unageuka na akatamani kuwarudisha watu mapema, lakini abiria walishalipia siku nzima na mwenye boti alikuwa anapiga simu. Na hata asubuhi angekataa kutoka, wa boti ya jirani angewapakia wale wale, tena pamoja na wa kwake. Hiyo ndiyo hali ya ufukwe wetu, Mheshimiwa. Anayeogopa bahari anakosa ugali, asiyeogopa ndiye anayepata abiria. Hakuna hata mmoja wetu mwenye uwezo wa kusema leo haendi mtu.

Kwa nini mtu wa kusema hivyo hayupo? Nadhani, na unisahihishe kama nimekosea, ni kwa sababu sehemu yetu imeangukia katikati. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975, na ukifika kisiwani unakuta wahusika, unalipa kiingilio, unaambiwa usiguse matumbawe. Vizuri, na sisi tunayataka matumbawe hayo, baruti za wavuvi zimeyaumiza vya kutosha. Chombo nacho kina wenye kukisajili na kukikagua. Ufukwe una wake. Lakini ule upana wa maji kati ya mchanga na boti, pale watu wanapoumia, kila niliyemuuliza ameniambia niende kwa mwingine. Nimekwenda. Nauli ya daladala nimetoa mimi.

Habari za bahari zipo, hazijafichwa. Mamlaka ya Bandari huchapa jedwali la maji kupwa na kujaa, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Wazee wa Kunduchi hawahitaji hata karatasi, wanatazama mwezi tu. Lakini familia iliyotoka Sinza na watoto wanne, au mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana, atajuaje? Anaona maji ya buluu na kisiwa kiko pale, robo saa kwa injini. Anaamini kwamba kama kungekuwa na hatari, angekuwepo mtu wa kumzuia.

Na kisiwani kwenyewe, mtu anayetazama samaki ameinamisha uso majini, masikio yamo ndani, haoni kilicho juu yake. Boti zinapita hapo hapo. Boya moja la kuzitenga hakuna. Hili nalo nilikueleza chini ya mivinje.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia gati la kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Walikufa watu zaidi ya 200, na nchi ilikuwa inaonekana kwa macho. Sisemi boti yetu ndogo inafanana na msiba ule. Naikumbusha kwa sababu watu wananiambia, mama, acha kelele, pale ni karibu.

Mwaka juzi tuliomba gati la mbao. Tukaomba maboya, tukaomba jaketi za watoto. Bado nayataka yote, lakini gati ni fedha na najua nitajibiwa bajeti. Basi yaache hayo kwa leo. Naomba mtu mmoja. Mtu mmoja mwenye kitambulisho na mamlaka, asimame pale mchangani Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Ahesabu watu, ahesabu jaketi, zikipungua boti haitoki. Aseme saa ya mwisho ya kurudi. Bahari ikichafuka awazuie wote kwa pamoja, ili asiwepo nahodha anayeadhibiwa kwa njaa kwa sababu alikuwa na busara. Kiti nitatoa mimi. Chai nitampa mimi.

Jumapili hii inayokuja maji yatakuwa mafu, hayapwi wala kujaa sana, bahari itakuwa na nafuu kidogo. Ile inayofuata bamvua inarudi. Saa nne maji yatakuwa nje, boti zitapakia, na saa kumi zitarudi kwenye mawimbi yale yale, na watoto watakuwemo. Naomba mtu wako awe amefika saa tatu, kabla ya boti ya kwanza kuwasha injini.

Wako mwenye heshima,
Mama wa miwani,
Kunduchi, Dar es Salaam