Umri wa zana za mawe umo mchangani

Ndugu Mhariri,

Korongo likibomoka au barabara ikichongwa huku Nyanda za Juu Kusini, watu hukimbilia zana za mawe na kuumwaga mchanga uliozifunika. Kinachopimwa umri ni mchanga huo.

Chembe za kwatzi na feldispari, madini yaliyomo mchangani, hupigwa na mnururisho wa urani, thori na potasiamu ya udongoni, na miale ya angani. Nishati hunaswa ndani yake na kuongezeka mwaka hadi mwaka. Jua huifuta, kwa kwatzi dakika chache zatosha; mchanga ukifukiwa, hesabu huanza upya, na umri unaopatikana ni wa tangu kufukiwa huko. Gizani, maabara huzimulika chembe kwa mwanga wa buluu, hupima mng'ao wake, kisha huzipa dozi za mnururisho zinazojulikana ili kupata ile inayotoa mng'ao kama wa mwanzo. Dozi ya grei 150 (grei ni kizio cha mnururisho ulionaswa), mahali panapopokea grei 3 kila miaka 1,000, ni umri wa miaka 50,000.

Kazi huharibikia shimoni. Mchanga uliozolewa juani kwenye mfuko angavu haufai tena. Pigilia ukutani bomba la chuma la kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa 20 hadi lijae kabisa. Likibaki na nafasi, chembe zilizoona jua kwenye ncha zitachanganyika na za katikati. Ziba kwa vifuniko vyeusi. Miale ya gama inayozifikia chembe hutoka umbali wa hadi sentimita 30, kwa hiyo epuka mwamba mkubwa na mpaka wa tabaka. Unyevu nao upimwe, maana maji huzuia sehemu ya mnururisho: kila asilimia 1 ya maji huongeza umri kwa takriban asilimia 1, na mchanga wa kiangazi hausemi hali ya masika.

Maabara, chini ya taa nyekundu hafifu, huondoa chokaa kwa asidi ya haidrokloriki, kisha huchekecha. Kwatzi hulowekwa katika asidi ya haidrofloriki ya asilimia 40 kwa dakika 40 hivi, iyeyushe feldispari na kumenya ganda la nje. Asidi hiyo ni hatari kupindukia. Isiguswe nje ya maabara yenye vifaa.

Karibu na Rungwe kuna ugumu zaidi: majivu ya volkano yana kwatzi haba, na feldispari yake huvujisha nishati hata gizani, hivyo umri hutoka mdogo kuliko ulivyo. Lakini njia hii ina nguvu. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba magogo yaliyounganishwa ya Kalambo, mpakani mwa Rukwa na Zambia, yana angalau miaka 476,000, kwa kupima mchanga ulioyafukia.

Tunawaomba wakandarasi na halmashauri wauache ukuta ukiwa umesimama na kumwita afisa wa mambo ya kale. Hata uliokwisha kupigwa jua unafaa: sentimita chache za nje zikikwanguliwa chini ya turubai zito, mchanga wa ndani bado haujaona mwanga.

Wapimaji wa udongo wa kale,
Iringa