Laptopu si gunia la viazi

Mhariri,

Mimi ni fundi kompyuta hapa Iringa. Juzi mwalimu mmoja kaniletea laptopu iliyosafiri kutoka Songea ndani ya buti la basi, chini ya mahindi. Kuiwasha tu, diski, yaani sehemu inayotunza kazi zako, inagonga: ta, ta, ta. Diski hizi za zamani zina sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake, mwanya mwembamba kuliko unywele, hivyo mtikisiko unaweza kukigonganisha na sahani. Laptopu ikizimwa, kichwa hujiegesha pembeni. Kwa hiyo abiria, izimeni kabisa, kuifunika tu hakutoshi, kisha ipakateni juu ya kanga iliyokunjwa. Nanyi makondakta, mtu akigoma kutoa begi lake liwekwe kwenye buti msimfokee. Mitihani ya muhula mzima ya mwalimu yule sijaipata hata mmoja.

Fundi, Iringa