Barua kwa Mwanangu Uliyeko Malindi

Mwanangu,

Assalam alaikum. Mashine ya boti nimeiona.

Jana nilikwenda uani kuchukua kuni, nikasikia harufu ya petroli chini ya makuti. Nikafunua. Kile kibati cha namba kimesuguliwa kwa tupa hadi kung'aa, na unga wake umeninasa kwenye leso, naukung'uta hautoki. Tupa yenyewe ni ile ya marehemu babako. Miguu iliniisha nguvu, nikakaa papo hapo.

Usiku mdogo wako alinieleza yote, analia. Anadaiwa, akaifungua kwenye boti pale Langoni. Wewe hukuiba. Wewe ulimfungulia mlango wa uani, ukamwambia ailete utaificha, kisha asubuhi ukapanda basi. Najua ulimhurumia. Tangu babenu afariki umekuwa ukimbeba, nami nikakuachia, na hilo ni kosa langu.

Nimemuuliza mtu anayejua sheria, bila kutaja jina. Akasema wizi wa kawaida kifungo chake hufika miaka 3, lakini kupokea mali ya wizi nawe wajua, hufika miaka 14. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Na leo adhuhuri mwenye mashine amekuja. Ni yule yule aliyekutoa Faza usiku ule ulipougua, akangoja maji yajae ndipo akakupitisha mkondo wa Mkanda, na nauli akaikataa. Ameketi barazani, akaomba maji, akanywa, akauliza kama tumesikia lolote. Boti limekaa mchangani, siku ya nne hii hajapakia abiria. Mdogo wako alikuwa nyuma ya mlango, namsikia anavyohema. Nikajibu sijasikia. Uongo huo nimeusema mimi mamako, mbele ya mtu aliyekuokolea uhai. Sitausema mara ya pili.

Panda basi la alfajiri, ushuke Mokowe. Nitakungoja jetini pamoja na mdogo wako. Tutakwenda kwanza kwa mwenye mali, kisha kituoni, sisi sote watatu. Siwezi kukuahidi kwamba atasamehe. Nitakalokuahidi ni kuwa sitaondoka pale hadi nijue mnalala wapi.

Usimpigie mdogo wako simu kumwambia aihamishe mashine. Amelala kitandani kwako, mlango wa uani nimeufunga, na ufunguo ninao mimi.

Mamako