Kliniki ya kisukari iangalie na kinywa

Mhariri,

Baba yangu ni fundi wa majahazi hapa Matondoni. Ana miaka 63, na kisukari anacho tangu 2014. Kila mwezi nampeleka kliniki. Hutobolewa kidole, hupimwa presha, huvuliwa viatu aangaliwe nyayo, na mara moja kwa mwaka huangaliwa macho. Nawashukuru wote waliomhudumia. Lakini kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia, "Mzee, hebu fungua kinywa."

Fizi zake zilikuwa zikitoka damu. Mswaki wa mti hauachi kabla ya kila sala, na akitema mate mekundu husema ni uzee. Meno ya chini yakaanza kucheza. Hapo ndipo mlo wake ulipobadilika, nasi tusijue maana yake. Mtu aliyekuwa akimaliza changu mzima wa kuchoma akawa anammegea mjukuu. Muhogo hauwezi. Akabaki na uji, na mkate wa kuchovya kwenye chai ya sukari, asubuhi na jioni. Sukari ikipanda anaongezewa dozi, na sisi wa nyumbani tunaambiwa hatumchungi. Nami nikamgombeza yeye. Hilo linaniuma hadi leo.

Mwezi wa Rajabu jino moja likatunga usaha. Shavu likavimba hadi shingoni, hata mate hayamezeki. Usiku ule maji yalikuwa yamekupwa, mashua zimekaa kwenye matope. Tukampandisha punda, kaka yangu mbele na tochi, mimi nyuma nikimshika asianguke, mpaka Lamu mjini.

Daktari wa meno aliyempokea ndiye aliyenieleza. Sukari ikizidi katika damu, fizi hukosa nguvu ya kupambana na vijidudu. Na fizi zikikaa na uvimbe muda mrefu, mwili nao hauitikii insulini ipasavyo, sukari inakataa kushuka. Kila ugonjwa unamlisha mwenziwe. Ukoga ulioganda chini ya fizi ukawa mgumu kama chokaa hautoki kwa mswaki, uwe wa mti au wa dukani. Sharti ukwanguliwe kwa vyombo. Baba alifarijika sana kusikia hayo, maana muda wote aliona haya, akidhani watu watamwita mchafu.

Aling'olewa meno mawili, yaliyobaki yakasafishwa kwa siku tatu mbalimbali. Kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilikuwa asilimia 10.1, cha mwisho kimesoma 8.8. Sisemi ni meno peke yake. Sasa anatafuna, uji wa sukari ameuacha, samaki na mchicha vimerudi sahanini. Lakini asingeweza kuvitafuna kwa kinywa kile.

Mei 2021 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio kwamba afya ya kinywa iingizwe katika mipango ya magonjwa yasiyoambukiza, kisukari kikiwemo. Basi naomba wakuu wa afya wa kaunti yetu waanze na kliniki hizi. Mashine mpya hazihitajiki, tochi ipo. Muuguzi anayeangalia nyayo aulize: fizi zinatoka damu? Kuna jino linalocheza? Siku hizi unakula nini, na umeacha nini? Akiona dalili, mgonjwa aonwe na daktari wa meno siku ile ile. Hili la siku ile ile nalisisitiza. Mzee wa Siyu au Kizingitini aliyekwisha kulipa boti kuja mjini, ukimwambia arudi Alhamisi, harudi. Atakaa na jino lake mpaka shingo ivimbe.

Mwezi ujao tuna zamu yetu kliniki. Baba ni mtu wa haya, hatasema. Nitasema mimi, kabla hajavuliwa viatu: mwangalieni kinywa kwanza.

Binti wa fundi,
Matondoni, Lamu