Barua kwa mwanangu: anayekuonya hajakukatia tamaa

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na lile ulilolificha katikati ya salamu nimeliona. Ulimsingizia mwenzako kazini, akafukuzwa kwa kosa lisilo lake, nawe ukanyamaza. Tangu hapo usingizi umekuruka, maradhi yanakuandama, na mtu mmoja ajiitaye mtumishi wa Mungu amekuambia kwamba hiyo ndiyo hukumu imeshakushukia, na kwako mlango wa toba umefungwa. Unataka nikuambie kama ni kweli.

La maradhi halinisumbui sana. Watu walimletea Yesu habari za namna hiyo hiyo, za Wagalilaya waliouawa na Pilato wakitoa dhabihu zao. Yeye akawaongezea ya wale watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akawauliza kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe: sivyo. Basi nenda ukatibiwe, meza dawa zako, na yeyote anayekupigia hesabu ya dhambi kwa kutazama homa yako usimpe nafasi moyoni. Lakini usiishie hapo kusoma, maana Yesu hakuwaambia waende zao wakastarehe. Aliwaambia wasipotubu wataangamia wao pia. Papo hapo akawasimulia habari ya mtini uliokaa miaka mitatu bila tunda: mwenye shamba akataka ukatwe, na mtunzaji akauombea mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutilia samadi. Shoka lipo, na mwaka umeongezwa, vyote katika sura moja.

Sitakupunguzia habari ya hukumu ili upate usingizi. Nawasikia watu wakisema Mungu ni upendo, kwa hiyo hamhukumu mtu. Wasemao hivyo nadhani wengi wao hawajadhulumiwa. Mfikirie huyo mwenzako: amerudi nyumbani na barua ya kufukuzwa mkononi, anamweleza mkewe jambo ambalo hakulifanya, na mkewe anamtazama usoni akipima kama anasema kweli. Mtu huyo atatetewa na nani, ikiwa Mungu naye atasema yaliyopita si ndwele? Damu ya Habili, aliyeuawa na ndugu yake Kaini, ililia kutoka ardhini na Mungu akaisikia, ingawa hapakuwa na shahidi. Huyo ndiye Mungu ninayemwabudu. Hasira yake juu ya ulichokitenda ni upendo wake kwa yule uliyemtendea.

Sasa angalia Mungu huyo huyo anavyomshughulikia mkosaji. Ninawi, ambao magofu yake yapo mpaka leo huko Mosul, Iraki, ulikuwa mji wa watu wakatili. Nabii Yona alipewa ujumbe mfupi mno awapelekee: baada ya siku arobaini mji utaangamizwa. Hakuna "msipotubu" ndani yake, wala ahadi yoyote. Hata hivyo mfalme alishuka katika kiti chake, akavua joho, akavaa gunia, akaketi majivuni, akasema ni nani ajuaye, huenda Mungu akageuka. Aling'amua kitu katika zile siku arobaini. Anayetaka kukumaliza hakupi siku arobaini, wala hakutumii mjumbe. Yona alilijua hilo tangu mwanzo, ndiyo sababu kwanza alikimbilia Tarshishi badala ya kwenda Ninawi. Baadaye akamlalamikia Mungu waziwazi kwamba ni mwenye neema, amejaa huruma, si mwepesi wa hasira. Hebu fikiria, malalamiko hayo! Mungu akamjibu kwa swali: je, asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi? Napenda kwamba hata mifugo hakuisahau.

Huko kukosa usingizi kwako ndiko Yona wako, mwanangu. Usikufukuze kwa vidonge. Wala usikuzoee, maana vizazi vya baadaye vya Ninawi vilirudia ukatili ule ule, nabii Nahumu akatangaza anguko lao, na mwaka 612 K.K. Wababeli na Wamedi wakauangusha mji.

Unasema umevuka mpaka. Msome Manase, mfalme wa Yuda aliyetawala miaka 55. Aliweka sanamu ndani ya nyumba ya Bwana, akawapitisha wanawe motoni katika bonde la Hinomu, akamwaga damu isiyo na hatia mpaka Yerusalemu ukajaa. Waashuru wakamfunga pingu wakampeleka Babeli. Huko kifungoni akajinyenyekeza sana, akamsihi Mungu, na Mungu akamsikia, akamrudisha Yerusalemu katika ufalme wake. Anayeona hilo limezidi simlaumu. Nikiwawaza wale watoto, na mimi hunielemea. Lakini limeandikwa. Na limeandikwa pia kwamba Manase alizitoa sanamu akazitupa nje ya mji, ila mwanawe Amoni akafuata njia zile za zamani za baba yake, na kitabu cha Wafalme kinazitaja dhambi za Manase katika sababu za Yuda kuondolewa. Alisamehewa mtu mwenyewe. Aliyoyatenda yakaendelea kuzaa.

Ndiyo maana naushika sana msalaba. Pale Mungu hakusema dhambi si kitu. Aliihukumu, na hukumu yenyewe akaibeba mwenyewe katika Mwana wake. Kwa hiyo wewe unaweza kusamehewa, na mwenzako asiwe amepuuzwa.

Basi usiishie kulia chumbani. Zakayo, yule mtoza ushuru, aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya kwa hila, tena hakuna aliyemwagiza. Nenda kwa mkubwa wako wa kazi, useme uongo wako ulikuwa upi, uuandike na utie sahihi. Kisha mtafute mwenzako. Usianze kumsimulia ulivyoteseka. Aliyeteseka ni yeye. Usimkumbushe kwamba Biblia inaamuru kusamehe, hilo ni la kwake na Mungu wake. Akikufukuza mlangoni, ondoka kwa heshima. Mishahara aliyoikosa, anza kumrudishia, hata kidogo kidogo. Huenda kazi ukaipoteza wewe. Ukiipoteza, usiseme Mungu amekukataa. Njoo nyumbani, kitanda chako kipo.

Wala usidhani utakuwa unanunua msamaha. Yule mhalifu msalabani hakuwa na muda wa kulipa chochote, na Yesu alimwambia leo hivi utakuwa pamoja nami peponi. Wewe mikono yako iko huru na miguu yako inatembea, kwa hiyo nenda.

Nijulishe siku na saa. Siku hiyo nitafunga kwa ajili yako, na simu nitakuwa nayo karibu. Baba yako sijamwambia neno. Hilo nakuachia umwambie mwenyewe.

Mama yako