Ng'ombe wako wamegeuka alama za kuuliza: kuweka alama zako mwenyewe kwenye QGIS

Ramani nyingi tunazochapa hapa Dodoma zinatoka wilayani: Bahi, Chemba, Kongwa, Mpwapwa. Zimejaa visima, magati ya maji, malambo na majosho. QGIS, programu ya kompyuta ya kutengenezea ramani, inakuja na maktaba yake ya alama: hospitali, shule, hoteli, viwanja vya ndege. Josho utalitafuta mpaka uchoke. Basi mtu anachora ng'ombe wake awe alama ya josho, anamtumia ofisini bila shida, halafu anatuletea mradi kwenye flashi. Tukiufungua dukani, kila penye josho pana alama ya kuuliza.

Mchoro wako haujafutika, umebaki kwenye kompyuta yako. Kwa kawaida faili la mradi halibebi mchoro wenyewe, linabeba njia ya kuufikia tu. Kwa kazi za kila siku, weka michoro yako yote kwenye folda moja, kisha ingia Settings, Options, System, uongeze folda hiyo kwenye SVG paths (SVG ni aina ya faili la mchoro wa mistari). Alama zako zitatokea pamoja na zile za programu. Lakini kama mradi utasafiri, nenda kwenye alama ya leya (tabaka la ramani) husika, chagua SVG Marker, na pale penye njia ya faili bonyeza kishale cha pembeni, uchague Embed File. Mchoro unaingia ndani ya mradi na kwenda nao popote.

Shida ya pili ni rangi. Unataka majosho mazima yawe kijani na mabovu yawe mekundu, lakini kitufe cha rangi kimefifia, hakibonyezeki. Hapo QGIS haijaambiwa ni sehemu gani ya mchoro inaruhusiwa kubadilika. Fungua faili la SVG kwa Notepad (ndiyo, Notepad, ndani ni maandishi matupu) utafute neno fill, yaani rangi ya ndani. Faili lililotoka Inkscape, programu ya kuchorea SVG, mara nyingi litakuwa na fill:#000000. Futa hiyo namba ya rangi, andika fill:param(fill). Mstari wa pembeni, yaani stroke, unapewa param(outline). Hifadhi, rudi QGIS, kitufe kitafanya kazi. Ukiona faili ni kubwa na ndani kuna herufi zisizo na mwisho, hiyo ni picha ya JPG iliyovishwa koti la SVG. Haitabadilika rangi, na kwenye karatasi kubwa itaonyesha vumbi. Ichore upya.

Kosa linalotutisha zaidi ni lile lisiloonekana. QGIS huweka katikati ya ukurasa wa mchoro juu ya nukta ya GPS, si katikati ya ng'ombe. Ukichora kwenye kona ya ukurasa wa A4 ukaacha hivyo, alama itakaa pembeni ya mahali pake. Kwenye ramani ya 1:50,000, milimita 2 ni mita 100 ardhini. Kisima kinavuka korongo, na pengine kinaingia kijiji cha jirani, mkaanza kugombana bure. Kwenye Inkscape chagua mchoro wote, bonyeza Ctrl+Shift+R ukurasa ubane mchoro, kisha hifadhi kama Plain SVG.

Na jamani, msichore manyoya. Alama ya milimita 4 haina nafasi ya kwato wala mkia; kichwa na pembe mbili vinatosha.

Kama huna muda wa haya yote, sisi tunachora. Tuletee picha ya kitu chenyewe, hata ya simu, na orodha ya hali unazotaka zitofautishwe kwa rangi. Ukileta mradi uliokwisha tengeneza, zipu folda nzima pamoja na michoro, na ututajie ukubwa wa karatasi mapema: alama iliyopimwa kwa milimita haikui karatasi ikikua, na ramani ya A0 itakayosomwa kutoka mwisho wa ukumbi wa mkutano inahitaji ng'ombe wakubwa zaidi ya ile ya A4 ya kwenye ripoti.